Salamu Maria Si Pasi ya Mwisho

Wiki ya mitihani katika seminari yetu haihitaji kalenda. Kikanisa ambacho siku nyingine baada ya chakula cha usiku huwa na watu wanne au watano, wiki hiyo hujaa. Rozari zilizokuwa zimelala makabatini hutoka. Mtu ambaye muhula mzima hakuonekana mbele ya sanamu ya Mama Bikira Maria, utamkuta amepiga magoti pale, macho ameyafumba, midomo inakwenda mbio. Wala hatuwasemi wengine. Tumo humo humo. Na waamini wa parokiani watakaotabasamu wakisoma haya, wajiulize ni lini walitoa nia ya Misa bila kuwa na kesi mahakamani, usaili wa kazi, au mgonjwa aliyeshindikana hospitalini.

Wamarekani wana jina la jambo hili. Katika mchezo wao wa kandanda, timu ikiwa nyuma na zimebaki sekunde chache, mchezaji huurusha mpira mbali kwa nguvu zake zote, akitumaini kwamba huko utakakoangukia kuna mwenzake wa kuudaka. Pasi hiyo huitwa Salamu Maria. Jina limekwisha kutoka uwanjani. Leo mwanasiasa anayeelekea kushindwa, mfanyabiashara anayefilisika na wakili mwenye kesi mbovu, kila mmoja akijaribu jambo la mwisho lisilo na matumaini makubwa, husemwa kwamba ametupa Salamu Maria. Yaani sala iliyoanza kwa maneno ya malaika Gabrieli na ya Elizabeti imekuwa jina la bahati nasibu.

Maoni yetu ni kwamba matumizi hayo yanamkosea Mama wa Mungu, na yanamkosea pia Mkatoliki aliyelifanya jina hilo kuwa maarufu. Mtu huyo ni Roger Staubach. Tukiyatazama maisha yake ya uchezaji kwa utulivu, tutaona yanafundisha kinyume kabisa cha maana ambayo watu wameipa pasi yake.

Mchezo wenyewe

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huo, tueleze kidogo. Kandanda ya Kimarekani huchezwa na watu 11 kila upande, kwa mpira wenye umbo la yai unaoshikwa kwa mikono. Kutoka mstari wa goli mmoja hadi mwingine ni yadi 100. Timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, ikishindwa wapinzani huchukua mpira. Lengo ni kuufikisha katika eneo la mwisho la upande wa pili, na kufika huko ni pointi 6.

Katikati ya yote hayo yupo kwotabeki. Yeye ndiye anayepokea mpira kila jaribio linapoanza. Ana sekunde mbili au tatu za kuamua: aurushe, amkabidhi mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Wakati huo huo wanaume wenye miili ya kutisha wanamjia kumwangusha. Timu ikishinda, picha gazetini ni yake. Ikishindwa, lawama ni zake hata kama kosa lilikuwa la mwingine. Wanaosomea upadre watakielewa cheo cha namna hiyo bila maelezo zaidi.

Miaka ya kungoja

Staubach alizaliwa tarehe 5 Februari 1942 katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, mtoto pekee wa wazazi Wakatoliki. Alisoma sekondari ya Purcell, iliyokuwa chini ya watawa Wamarianisti, shirika lililojiweka chini ya jina na ulinzi wa Mama Maria. Kwa hiyo Salamu Maria aliijua tangu utotoni, zamani kabla ya kuwa na deni la pointi nne na sekunde chache mkononi.

Kutoka hapo alikaa mwaka mmoja katika chuo cha kijeshi huko New Mexico, kisha akaingia Chuo cha Jeshi la Wanamaji cha Annapolis. Mwaka 1963 alipewa Tuzo ya Heisman, ambayo hutolewa kwa mchezaji bora wa vyuo vikuu vya Marekani. Gazeti la Life lilikuwa limeandaa toleo lenye picha yake kwenye jalada. Tarehe 22 Novemba mwaka huo Rais John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kushika kiti hicho, akauawa kwa risasi katika mji wa Dallas. Jalada likabadilishwa. Mechi kubwa kati ya Jeshi la Nchi Kavu na Wanamaji ikasogezwa hadi tarehe 7 Desemba, na wanamaji wa Staubach wakashinda 21 kwa 15 mbele ya taifa lililokuwa bado katika msiba. Kijana wa miaka 21 alioneshwa mapema kwamba utukufu wa jalada la gazeti unaweza kuondolewa usiku mmoja, na kwa haki kabisa.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa mbele. Anayehitimu Annapolis ana deni la kulitumikia jeshi. Timu za kulipwa zilijua hivyo, na ndiyo maana mwaka 1964 mchezaji mwenye Heisman mkononi hakuchaguliwa na Dallas Cowboys mpaka duru ya 10. Kipaji kilionekana na kila mtu. Kilichowashinda wengi ni kusubiri.

Akahitimu mwaka 1965. Kwa kuwa macho yake hayakuweza kutofautisha vizuri baadhi ya rangi, alipangiwa kazi ya ugavi: maghala, makasha, orodha za vitu. Aliomba mwenyewe kwenda Vietnam, akakaa mwaka mmoja huko Chu Lai kama ofisa ugavi, mpaka mwaka 1967. Cowboys walimpelekea mipira, naye katika saa zake za mapumziko akawa anairusha ili mkono usisahau. Alimaliza utumishi mwaka 1969 akaingia ligi kuu, NFL, akiwa mgeni mwenye miaka 27. Katika umri huo wachezaji wengi wamekwisha kuizoea ligi, na wengine wamekwisha kuiaga.

Hapa tunaomba mafrateri wenzetu tusimame kidogo. Wale tuliomaliza nao kidato cha sita wameshaoa, wamejenga, wanatutumia picha za watoto. Sisi bado tunagongewa kengele ya kulala. Kuna mwaka wa malezi, kuna falsafa, kuna mwaka wa uchungaji, kuna teolojia, na katikati ya hayo kuna zamu ya kulisha nguruwe na kuhesabu magunia ya mahindi stoo. Usiku mmoja au mwingine kila mmoja wetu amejiuliza kama ujana wake hauishii ghalani. Wengine wameondoka kwa sababu njema, baada ya kusali na kuongea na mlezi, na hao tunawaheshimu. Lakini wengine wameondoka kwa kuchoka kungoja tu, nao tunaumia kwa ajili yao.

Staubach hakuijua siku zijazo. Angeweza kurudi kutoka Vietnam ameumia, au asirudi kabisa, kama walivyokosa kurudi vijana wengi wa umri wake. Angeweza kukuta nafasi yake imejazwa. Alichoweza kufanya ni kuhesabu makasha vizuri na kurusha mpira jioni. Malezi yote yako hivyo. Kazi ya leo hufanywa kwa uaminifu, na kipaji hakiachwi kishike kutu.

Kukaa benchi

Hata alipofika Dallas, mlango haukufunguka mara moja. Namba moja ilikuwa ya Craig Morton. Staubach aliingia mwaka 1969 kama msaidizi, na Januari 1971 Cowboys walipofika fainali ya Super Bowl na kufungwa na Baltimore Colts 16 kwa 13, aliyecheza alikuwa Morton. Msimu uliofuata kocha Tom Landry alishindwa kuchagua kati ya wawili hao. Katika mechi moja na Chicago Bears aliwabadilisha kila jaribio: huyu anaingia, yule anatoka. Wakafungwa 23 kwa 19. Ndipo Landry akaamua namba moja ni Staubach. Kuanzia hapo timu haikupoteza mechi tena msimu huo. Walishinda 10 mfululizo, na ya mwisho ilikuwa Super Bowl ya tarehe 16 Januari 1972 mjini New Orleans, dhidi ya Miami Dolphins, 24 kwa 3. Staubach akatajwa mchezaji bora wa fainali.

Mtu angedhani sasa amefika. Kabla msimu uliofuata haujaanza aliumia bega vibaya, akarudi benchi, na Morton akaongoza timu karibu mwaka mzima. Tarehe 23 Desemba 1972, katika mechi ya mtoano dhidi ya San Francisco 49ers, Cowboys walikuwa nyuma 28 kwa 13. Landry akamwingiza Staubach, naye akaigeuza mechi mpaka ikaisha 30 kwa 28. Miaka baadaye, Januari 1978, Staubach alishinda Super Bowl ya pili kwa 27 kwa 10 dhidi ya Denver Broncos. Kwotabeki wa Denver siku hiyo alikuwa Craig Morton yule yule.

Tumeyaeleza haya kwa kirefu kwa sababu moja. Mtu anayeambiwa habari ya pasi ya Salamu Maria pekee hudhani ni muujiza uliodondoka kutoka juu. Kumbe ilirushwa na mtu aliyekwisha kukaa jeshini miaka minne, benchi misimu miwili na zaidi, na mwaka mzima na bega bovu. Na aliyeidaka, Drew Pearson, alikuwa mchezaji ambaye mwaka 1973 hakuna timu iliyomchagua; Cowboys walimchukua bila kumchagua rasmi, na kwa misimu mitatu alikuwa akizikimbilia pasi za Staubach mazoezini na uwanjani.

Siku yenyewe

Ilikuwa tarehe 28 Desemba 1975, huko Bloomington, Minnesota, kwenye baridi. Minnesota Vikings walikuwa wameshinda mechi 12 kati ya 14 za msimu. Cowboys hawakuwa wa kwanza katika kundi lao. Waliingia mtoano kwa nafasi ya ziada. Dakika zikielekea kwisha Vikings waliongoza 14 kwa 10. Staubach alianza na mpira akiwa yadi 15 tu kutoka mstari wake mwenyewe. Akasogea kidogo kidogo, akanusurika jaribio la nne kwa pasi kwa Pearson, mpaka akafika katikati ya uwanja. Hapo akaurusha mpira yadi 50 kuelekea kwa Pearson yule yule. Pasi ilikuwa fupi kidogo. Pearson alipunguza mwendo, beki aliyekuwa akimlinda akaanguka, mpira ukabanwa kati ya mkono na nyonga, naye akaingia eneo la mwisho zikiwa zimebaki sekunde 24. Cowboys 17, Vikings 14.

Waandishi walipomuuliza baadaye, Staubach alieleza kwamba alifumba macho akasali Salamu Maria. Wachezaji wa Chuo Kikuu cha Notre Dame walikuwa wamelitumia jina hilo miongo kadhaa kabla yake, lakini ni baada ya siku hiyo lilipoenea kila mahali.

Sasa tuulize swali ambalo mtu mwenye imani hawezi kulikwepa. Je, Mama Maria aliwapa Dallas ushindi?

Vikings walilalamika, na wengine wanalalamika hadi leo, kwamba Pearson alimsukuma beki Nate Wright. Mwamuzi hakupuliza filimbi. Shabiki mmoja kwa hasira akarusha chupa, ikampiga mwamuzi Armen Terzian kichwani mpaka akavuja damu. Tukisema ushindi ule ulikuwa jibu la sala, tumweke wapi Mama wa Mungu katika vurugu hiyo? Je, alimsukuma beki yeye?

Wiki tatu baadaye Cowboys walicheza Super Bowl na Pittsburgh Steelers. Wakawa nyuma tena, dakika zikawa zinakwisha tena, Staubach akarusha mpira mbali tena, na safari hii ukadakwa na wapinzani. Steelers 21, Cowboys 17. Mmiliki wa Steelers, mzee Art Rooney, alikuwa Mkatoliki mcha Mungu aliyejulikana kwa kwenda Misa kila siku. Kama ushindi hugawiwa kwa kuhesabu Salamu Maria, mzee Rooney alikuwa na akiba kubwa kuliko uwanja mzima. Walikutana tena katika Super Bowl ya Januari 1979, na Steelers wakashinda tena, 35 kwa 31. Katika mechi hiyo Jackie Smith, mchezaji mkongwe, aliiachia pasi akiwa peke yake katika eneo la mwisho. Taifa zima likamcheka. Staubach hakumwachia Smith mzigo peke yake. Alikiri kwamba pasi yenyewe ingeweza kuwa nzuri zaidi. Kwetu sisi, ungamo hilo dogo lina harufu ya sala kuliko ile pasi ya yadi 50.

Msiba wa upande wa pili

Lipo jambo la siku ile ambalo wanaosimulia pasi ya Salamu Maria mara nyingi hulipita haraka. Kwotabeki wa Vikings alikuwa Fran Tarkenton. Baba yake, mchungaji wa Kiprotestanti ambaye jina lake, kwa ajabu, lilikuwa Dallas, alikuwa nyumbani Georgia akimtazama mwanawe kwenye televisheni. Mechi ikiwa inaendelea, mzee akashikwa na moyo, akafa. Fran alimaliza mechi, akafungwa katika sekunde za mwisho, kisha akaambiwa kwamba baba yake hayupo tena.

Tuliposoma habari hiyo kwa mara ya kwanza tulinyamaza. Saa ile ile, mchezo ule ule, mtu mmoja anasali Salamu Maria ili mpira udakwe, na nyumba moja ya mbali inaingia msiba.

Halafu tukaikumbuka sala yenyewe tunavyoisali. Haimwombi Mama ushindi, alama za mtihani, wala kazi. Nusu ya kwanza inamsalimu na kumtaja mwanawe. Nusu ya pili, iliyo ya Kanisa, inamwomba atuombee sisi wakosefu katika nyakati mbili tu: wakati huu tulio nao, na wakati wa kufa. Basi kama Salamu Maria ya Staubach ilisikiwa, na tunaamini kila Salamu Maria inayosaliwa kwa moyo husikiwa, hatuwezi kujua ilifanya kazi wapi. Labda haikuwa na haja na mpira. Labda ilikwenda Georgia, kwa mzee aliyekuwa katika saa ile ambayo sala inaitaja, bila kuuliza dhehebu lake. Hatulisemi hili kama fundisho. Tunasema tu kwamba maneno ya sala yanaelekea huko zaidi kuliko yanavyoelekea eneo la mwisho la uwanja.

Pingamizi mbili

Kuna atakayesema tunawavunja moyo watu wanaosali dakika za mwisho. Mwivi msalabani alisali saa za mwisho kabisa, na siku hiyo hiyo akaahidiwa peponi. Bartimayo alipiga kelele Bwana alipokuwa anapita tu. Ni kweli, na Mungu asifiwe kwa hilo. Hakuna sala iliyochelewa kwa Mungu, na padre anayeitwa usiku wa manane kumpaka mgonjwa mafuta asimuulize kwanza mahudhurio yake ya Jumuiya. Tunachokikataa ni mpango wa kuwa mwivi wa mwisho: kuishi miaka yote bila kumjua Mama, na kumweka kando kama namba ya simu ya dharura. Mwivi yule hakupanga. Tena hakuomba ashushwe msalabani, aliomba akumbukwe.

Mwingine atasema tumechagua mfano mbaya. Mchezo huo unavunja watu, unazungukwa na fedha nyingi, na Vietnam ilikuwa vita iliyoacha maiti wengi na maswali mazito ya dhamiri. Nalo ni kweli. Hatumtangazi Staubach mtakatifu wala hatuutetei mchezo wake. Mwili wake mwenyewe ulitoa ushahidi: alipigwa kichwani mara nyingi mpaka madaktari wakamtia hofu. Lakini tazama alivyofanya. Msimu wa 1979 alikuwa bado miongoni mwa walio bora kabisa katika ligi; tarehe 16 Desemba, dhidi ya Washington, timu yake ilikuwa nyuma 34 kwa 21 naye akaifikisha 35 kwa 34. Wiki mbili baadaye wakatolewa na Los Angeles Rams, 21 kwa 19. Machi 1980 akastaafu, akiwa na miaka 38. Hakungoja afukuzwe. Hakusema nirushe moja ya mwisho.

Na hakutoka mikono mitupu. Tangu alipoanza kucheza, miezi isiyo ya ligi alikuwa akifanya kazi katika biashara ya majengo, na mwaka 1977, akiwa bado mchezaji, alianzisha kampuni yake. Alikuwa na mke, Marianne, waliyeoana mwaka 1965, na watoto watano, na alijua kwamba siku moja uwanja utamwachia nyumba hiyo. Mwaka 1985 aliingizwa katika Jumba la Heshima la mchezo huo, na mwaka 2018 akapewa Nishani ya Uhuru ya Rais. Watu walimwita nahodha wa kurudi nyuma na kushinda. Sisi tunaona ushindi wake mkubwa ni kwamba mambo mengi ya maisha yake hakuyaacha mpaka sekunde ya mwisho.

Kutoka Kana mpaka Kalvari

Turudi kwa Mama mwenyewe, kwa kuwa ndiye mwenye jina.

Kana ya Galilaya divai iliwaishia. Wengi tunaikumbuka habari hiyo kama Salamu Maria ya kwanza ya dharura: Mama anaombwa, Mwana anatenda. Lakini Mama hakuombwa na mtu, aliona mwenyewe. Kisha akawaelekeza watumishi wamsikilize Yesu, na watumishi wakapewa kazi ya mikono: mitungi sita ya mawe, ijazwe maji. Wakaijaza mpaka juu. Hatujui walikwenda kisimani mara ngapi. Muujiza uliikuta mitungi imejaa. Anayetaka Mama amsaidie kwenye mtihani ajiulize mtungi wake una maji kiasi gani.

Kisha Kalvari. Kama kulikuwa na saa ya kurusha mpira wa mwisho, ilikuwa ile. Injili ya Yohane inatuambia tu kwamba Mama alisimama karibu na msalaba. Hatusikii akiomba Mwanawe ashushwe. Alisimama, akapokea mwana mwingine, akaenda naye. Anayesali Salamu Maria anajifunza kusimama hivyo: siku ya kushinda, siku ya kukaa benchi, siku ya kupewa habari za baba baada ya mechi.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, kwetu sisi mafrateri na kwa waamini wenzetu. Kwanza, Salamu Maria isaliwe mpira ukiwa bado haujaanza: asubuhi, kabla ya kitabu, kabla ya jembe, kabla ya kufungua duka. Pili, isaliwe baada ya kushindwa pia, maana hapo ndipo tutajua kama tulimpenda Mama au tulitaka alama tu. Tatu, isaliwe kwa ajili ya upande wa pili: mwenzako mnayegombea nafasi moja, jirani mnayeshtakiana kiwanja, timu ya kijiji cha pili. Huwezi kujua nyumbani kwao leo kumetokea nini.

Mitihani yetu bado wiki saba. Kikanisa kiko wazi baada ya chakula cha usiku, na nafasi zipo nyingi.